Chupa Nne za Mafuta ya Karanga

Jumamosi jioni

Mafua yamenishika siku ile ile niliyoingoja miezi mitatu. Dirishani nina chupa nne za mafuta ya karanga: moja ya mafuta matupu, nyingine tatu nimetia moja unga wa chai, moja wa kahawa na moja wa kakao. Kitabu kinasema ule ukali ulio ndani ya vitu hivi huzuia hewa isichachishe mafuta. Nilitaka kuhakikisha mwenyewe kabla ya kuwafundisha wanafunzi. Nikanusa zote. Sikusikia harufu yoyote.

Zuhura angekuwapo angeninusia. Tangu masika mke wangu yuko kwao Pangani, na barua sijapata hata moja. Naogopa harudi.

Mwaka mzima hapa Lyulilo sijawahi kubisha hodi kwa jirani. Leo nilivuka ua nikamwita Mama Ambokile, mfinyanzi. Alikuja na udongo mikononi, akanusa chupa moja moja.

"Haya matupu yamechacha, Mwalimu. Ya kahawa yanaanza. Ya chai na ya kakao ni mazima."

"Ndaga, mama," nikamshukuru. Kisha nikamweleza jaribio lote, nikaongea mno, kama mtu aliyefungiwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na hiyo chai huwa unakunywa na nani?"

"Peke yangu."

Akanawa mikono, akavuta kigoda, akakaa. "Basi chemsha."

Kikombe cha pili Zuhura aliondoka nacho. Nikampa mgeni changu, mimi nikanywea bakuli.