Nimemlilia Aliye Hai

Tirhas, nimejifungia chooni kwa Yeshimebet. Sijui nitatokaje.

Si nilikwambia mumewe, Tesfahun fundi plasta, ameanguka jana, jukwaa la miti limekatika akiwa ghorofa ya nne? Mlinzi wa jengo akasema wamempakia garini amefunikwa shuka. Mimi hata sikuuliza shuka lilifika wapi, kifuani au usoni.

Nikachemsha ngano na dengu za matangani. Nikajitanda mtandio, pindo la rangi juu usoni, vile tunavyojitanda mazikoni. Nikaanza kulia tangu njia panda, na sauti yangu unaijua.

Yeshimebet akatoka na mwiko mkononi. "Unamlilia nani?"

"Namlilia Tesfahun, aliyekuwa kama kaka kwangu."

Akasema, "Nimetoka kumlisha uji sasa hivi."

Sasa hivi, Tirhas. Uji. Mtu yuko hai hospitali. Na binti yao mdogo alishasikia kilio changu, kaingia uvunguni mwa kitanda chake, anasema mama amemdanganya kwamba baba mzima.

Yeshimebet hakunitukana. Heri angenitukana. Alinivua mtandio, akaugeuza pindo chini kwa mikono yake, kama siku isiyo ya msiba, akanitanda upya. Akasema, "Mgongo umevunjika, hawezi kujigeuza kitandani, na mimi peke yangu simuwezi. Hizo nguvu za kulia, kesho njoo nazo hospitali."

Nimemwambia nitaenda. Lakini kwanza nitoke humu chooni, nipige magoti kando ya kile kitanda alichojificha binti, nimwambie mtoto kwamba mwongo si mama yake, ni mimi.