Sayari Kubwa Inayokaa Jikoni

Mama Somoe,

Natangaza rasmi, mbele ya ndoo zangu mbili na yule kuku wako mwekundu aliyehamia kwangu bila kupiga hodi, kwamba ubishi wetu umefungwa na mimi ndiye mshindi. Hakuna aliyepinga. Kuku akanya ndani ya ndoo na mkutano ukaahirishwa.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika na leo huwezi kunikatiza.

Nimeisoma tena kwenye simu ile habari ya sayari iliyotunyima raha msimu mzima. Iko vilevile. Kuna nyota ya mbali, yaani jua la watu wengine, kama wapo. Ubavuni mwake kabisa inazunguka sayari nene kama Mshtarii, lile jitu letu la huku. Mshtarii huchukua miaka kulizunguka jua mara moja. Hiyo nyingine inamaliza mwaka wake kwa siku chache, hata muhogo uliolowekwa haujalainika.

Nilipokusomea haya kwenye foleni ya bomba hapa Kitangari, ulitua ndoo ukanitazama kama mgonjwa. "Mama Neema, mkubwa hakai jikoni. Mkubwa anaketi barazani, anapelekewa. Wa karibu na moto ni watoto." Foleni nzima ikakuunga mkono. Ukanipa na ushahidi: Utaridi mdogo, yuko karibu na moto, Mshtarii mkubwa, yuko nje huko kwenye baridi kama baba mkwe. "Hata mbinguni wana adabu," ukasema. "Ni ukoo wenu tu haujafundishwa." Koo zetu zinataniana tangu mababu, basi nikameza.

Kinachoniudhi ni kwamba ulikosea pamoja na wenye darubini. Na wao walilitazama jua letu hili moja, wakaona wakubwa wamekaa mbali, wakadhani kila nyota imepanga watu wake hivyohivyo. Nani ahangaike kutafuta jitu jikoni? Na walioipata sayari hiyo hata hawakuiona. Waliona nyota inayumba. Nilikueleza kwa lugha ya shambani: ukiona kichwa cha mtu juu ya mihogo kinavutwa huku na kule, unajua ana mbuzi kwenye kamba, ingawa mbuzi humwoni. Ukafunga kanga upya, ukasema, "Ngoja nirudi kutoka Lupaso, nitakujibu."

Nikangoja.

Kumbe hukwenda Lupaso kwa kaka yako kuokota korosho. Ulikwenda kuumwa. Foleni nzima ilijua. Muuza mandazi alijua. Kasisi wangu, ambaye hata si wa dini yako, alijua. Mimi peke yangu nilifichwa, tena kwa amri yako: "Mama Neema asiambiwe, atanitania."

Ningekutania, ndiyo. Mtani ni wa nini? Ningekuja huko nikakuambia umekonda kama mti wa kuangulia papai, ukanitukana, ukanywa uji kwa hasira. Hilo ulininyima. Haya ninayaandika kwa hasira, usijipendekeze ukadhani ni huzuni. Huzuni ipo, inasubiri zamu yake.

Msibani kwako walinisukuma mbele, mtani afanye kazi yake ya kumwigiza marehemu. Nikajifunga kanga yako, nikajitwika ndoo tupu, nikatembea ule mwendo wako wa bata, nikabinua mdomo: "Mkubwa hakai jikoni." Wanawake kwenye mikeka walicheka hadi wakashikana. Dada yako alicheka huku analia. Nilikuiga barabara, Mama Somoe, na nilikuchukia kila hatua. Maana nilifika pale ambapo ungenijibu, nikataka kusema lile jibu ulilonitoroka nalo, nikakuta sina. Miaka yote ya kukusikiliza, na sikujua ungesema nini. Mpaka leo sijui. Nikageuka, nikaanza tena ule mwendo wa bata.

Ndiyo maana nimeshinda. Mwenzangu hayupo. Nikitaja sayari bombani wananiambia, "Sogea mama, ndoo yako imejaa."

Haya, pumzika. Nakuaga na hasira zangu zote, sina nguvu ya kuzificha. Ila nakuahidi: ubishi huu hauzikwi. Somoe wako sasa ni msichana mkubwa, nimempata wa kurithi upande wako. Nitamweleza kila kitu, nikianza na maneno yako, kwa haki kabisa, ndipo nitoe yangu. Ule mdomo ameuchukua kwako. Atanibishia hadi nichoke, na siku moja, pengine, atalitamka lile jibu.

Nimeanza jana mchana. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaniuliza kama nina chaja.