Mdogo Wangu Anataka Kurudi kwa Mmoatia

Mpendwa Mama Konadu wa redioni, naomba msaada kabla ya Jumamosi, mimi ni yule Afriyie aliyekuandikia mwaka jana, mdogo wangu Dufie alipoibwa na mmoatia, wale watu wafupi wa msituni wenye nyayo zilizogeukia nyuma, ukaniambia niache kulia nimfuate, nikamfuata, nikapigana nao mpaka bega likachanika, nikamtoa, mji ukatuchinjia kondoo, nikadhani yamekwisha, kumbe bado, maana Dufie hataki pilipili wala supu ya mawese, na kila alfajiri msitu ukipiga mluzi anaujibu, lakini huyohuyo amemtibu jirani yetu kidonda kilichomtesa tangu mavuno, kwa majani aliyofundishwa kule, na badala ya kushukuru, mama analia tu na mjomba Boadu anasema Jumamosi tumpeleke kambi ya maombi afungwe mnyororo mpaka mluzi umtoke. Nilimwambia Dufie nitamficha. Akanitazama, akasema, "Dada, hujaniuliza ninachotaka. Dawa sijamaliza kujifunza. Nisindikize nirudi." Sasa nimsindikize vipi kule nilikomtoa kwa damu yangu? Nikimzuia atafungwa, nikimwachia nitamkosa, nifanyeje?

Afriyie, miaka 19

Afriyie mwanangu, pole, bega lile lilikuuma na moyo unakuuma zaidi. Ila nikukaripie kidogo. Ulimpigania Dufie awe huru au awe wako? Mtu ukishamtoa kifungoni humfungi katika kingine, hata kiwe cha mapenzi.

Mnyororo haumtibu mtu. Usingoje Jumamosi, nenda leo kwa malkia mama wa mji wenu, yule anayeamua mashauri ya familia, umpeleke Dufie akaseme kwa kinywa chake, mjomba akisikia. Boadu anafoka nyumbani, pale atateremsha sauti. Na mama yako usimwite adui, anaogopa kumzika mtoto aliye hai.

Dufie akishikilia kwenda, aende mchana, kwa mlango wa mbele. Msindikize mpaka kijitoni, pale msitu unapoanzia, uwaambie mmoatia wakusikie: mara ya kwanza mlimwiba, mara hii anakuja mwenyewe, na kila siku ya soko atakuja kwetu. Wakikataa, geuka naye. Wewe si wa kufundishwa kumtoa mtu mle.

Wasikilizaji, tangu nisome barua ile hewani, Afriyie amenipigia simu. Kwa malkia mama, mjomba alipoanza kufoka, aliyemjibu ni mama yao: "Kaka, alipoibwa nililia mpaka macho yakavimba. Sitamlilia tena akiwa kwenye mnyororo wako." Kisha mama huyo akajitwika mkungu wa ndizi wa kuwapa mmoatia, akatangulia njia ya msituni, binti zake wawili nyuma yake. Pale kijitoni Afriyie aliyasema maneno yote niliyompa. Msitu ukapiga mluzi mmoja mfupi. Dufie akacheka, akamwambia dada yake, "Wamekubali. Ila wanasema wewe usiingie tena, wanakuogopa."

Siku ya soko ilipofika, Dufie alikuja, ana njaa.