Kuhusu Mashine ya Misumari Uliyoniomba Nikuchagulie

Oicha, Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, pamoja na wote walioko hapo nyumbani Kimemi, Butembo. Bega lako linaendeleaje? Na Mama, bado anaamka kwenda misa ya asubuhi bila kumsubiri mtu wa kumsindikiza? Sisi wanao wawili wa huku Oicha, mimi na mkubwa wangu, yaya Kambale, tunakula na tunalala. Niliandika kwamba tu wazima, kisha nikalifuta neno hilo. Lakini hakuna aliye mgonjwa kitandani, namshukuru Mungu.

Ujumbe wako nilipewa na dereva wa lori la mbao. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, nikuchagulie mashine ya kupiga misumari kama ile ya yaya, ile wanayoiita cloueuse, maana bega haliwezi tena nyundo ya kutwa. La pili, kama ni kweli yaya Kambale ameacha useremala, ili umtume mtu aje kumchukua akakae dukani kwako hapo Butembo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mambo hayo mawili yamefungamana, na kwa simu nisingeweza kuyasema. Nimelifungua daftari langu la kila siku nisije nikachanganya lipi lilitangulia.

Nianze na mashine. Unajua kwamba tangu panga lilipomkata mishipa ya mkono wa kushoto kule shambani kwenye kakao, vidole vya yaya havifungi. Anashika nyundo vizuri kwa mkono wa kulia, ila msumari hana wa kumshikia. Alikuwa anasimama mbele ya meza ya kazi, anaugusa ubao, anarudi kukaa. Ndiyo maana nilikwenda Beni kumtafutia mashine ambayo mtu anaweza kuitumia kwa mkono mmoja.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilikuta za aina tatu. Ya betri ni nyepesi na haina mpira wa kuburuta, lakini betri ikifa, nyingine utaipata wapi? Ya gesi ina nguvu sana, ila vikopo vyake vya gesi havipo hata Beni. Ya upepo inataka kompresa, tena kompresa inataka umeme au jenereta, lakini ikiharibika yupo wa kuitengeneza, kwa sababu ni ileile ya mafundi wa matairi. Niliuliza pia misumari, maana mashine hizi hazili misumari yetu ya kupimwa kwa kilo. Zinataka ile iliyogandishwa pamoja kwa mstari. Niliuliza kama itaingia kwenye mti mgumu na mkavu wa libuyu au itapinda, na kama inapiga mmojammoja au inatapika kila inapogusa ubao. Muuzaji alichoka na mimi.

"Professeur," akasema, "unataka kuinunua ao unataka kuioa?"

Watu wote dukani walicheka, nami nikacheka. Nikachukua ya upepo, ya kati, inayopiga mmoja tu, tena mpaka uikandamize kwenye mbao kwanza. Nilidhani nimeuliza kila kitu. Sauti yake sikuiuliza. Pale dukani jenereta za mtaa mzima zilikuwa zinanguruma, na mashine ilipojaribiwa sikusikia cha ajabu.

Siku ya kwanza yaya aliipiga kwenye fremu ya kitanda. Pa. Akacheka kama mtoto, kwa sababu msumari ulizama wote na mkono wa kushoto ulikuwa umelala tu juu ya ubao. Pa, pa. Alipoinua kichwa, barabara ilikuwa karibu tupu. Jirani yetu wa mbele, Mama Katungu, alikuwa ameacha sufuria ya sombe motoni. Wengine walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Na yaya mwenyewe, Baba, alipoona watu wanakimbia, aliitupa mashine akalala chini ya meza. Alikuwa anaikimbia sauti ya mkono wake.

Askari walikuja wakiuliza kwa Kilingala, "Nani abeti masasi?", nani amepiga risasi. Tuliwaonyesha. Mkubwa wao alitaka kujaribu, akapigilia ubao wetu mzuri misumari isiyo na kazi, akaenda zake amefurahi. Kisha mimi na shefu wa mtaa wetu tulipita nyumba kwa nyumba, tukaeleza kwamba sauti ile ni ya karakana yetu, wasiogope.

Nao wakazoea. Watoto waliigiza mlio wake wakicheza. Ikafika mahali siku tukikosa mafuta ya jenereta, Mama Katungu anamwita yaya kutoka ng'ambo ya barabara: "Kambale, uko mugonjwa leo? Hatuyasikia misumari yako tangu asubui." Yaya alikuwa anapenda sana kuitwa hivyo. Kazi zilikuja nyingi, vitanda, viti, fremu za madirisha ya watu waliokuwa wanarudi kwenye nyumba zao. Alinenepa. Alianza tena kuimba kwenye kwaya.

Sasa linafuata lile ambalo sikutaka Mama alisikie kwa simu.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Mimi na yaya tulikuwa tumepeleka vitanda upande wa pili wa Oicha. Milio ilianza upande wa mashamba, mmoja, kimya, halafu miwili. Kule tulikokuwa watu walikimbia mara moja, nasi tukakimbia nao. Katika mtaa wetu hawakukimbia. Hata jenereta kuwa kimya hakukuwashtua, maana ilikuwa desturi yetu kujaza hewa kwenye kompresa, kuzima jenereta ili kuhifadhi mafuta, na kuendelea kupigilia. Walikaa. Mpaka wale wauaji wa porini walipotokea kati ya nyumba, mlio ukiwa karibu mno usiweze kuwa wa seremala, walikuwa wamechelewa.

Mama Katungu, waliyempiga risasi mlangoni kwake, si yeye peke yake aliyekufa, Baba, lakini wewe ulimfahamu yeye. Ndiye aliyekupa ndizi za njiani ulipokuja kutuona.

Kwenye kilio, mume wake, Papa Mbusa, alikaa chini ukutani, watu wakija kumpa mkono. Hakulia. Mimi na yaya tulipofika mbele yake alisema, si kwa ukali, kama mtu anayeeleza njia:

"Alisimama akimbie. Ni mimi nilimuambia, ikala chini, ni misumari ya Kambale."

Yaya aligeuka akatoka. Alirudi karakana, akaitia mashine kwenye gunia, akalifunga. Waliokuja kuomba majeneza aliwaelekeza kwa fundi mwingine, na wengine walikasirika, wakidhani anawadharau marehemu. Kwaya aliacha. Nilimwambia kwamba hakuna aliyejua, kwamba ni mimi niliyeichagua na kupita nyumba kwa nyumba. Aliniambia ninyamaze. Siku iliyofuata alisema atakwenda Butembo kukaa dukani kwako, auze misumari badala ya kuipiga. Nadhani ndiyo habari iliyokufikia, na haikuwa uongo. Alikuwa ameshatafuta nafasi kwenye lori.

Lori lilikawia kwa sababu ya barabara. Katika kulisubiri, asubuhi moja Papa Mbusa alikuja ameubeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Ulikuwa umepasuliwa katikati kwa shoka. Akauweka juu ya meza yetu.

"Kambale, banaharibu mulango yangu. Tengeneza."

Yaya alimwambia kwamba ile mashine haigusi tena.

"Nani anasema mashini? Nataka nyundo. Nyundo kila mutu anaijua."

"Papa, unajua mukono yangu vile iko."

Papa Mbusa akanigeukia mimi. "Na huyu mudogo wako, mikono yake anaiwekea nini? Ya kuandika tu?"

Ndivyo tulivyoanza. Tulitoa mbao zilizopasuka, tukaweka mpya, mimi nikashika msumari na yaya akapiga. Pigo la kwanza lilinipata kidoleni. Yaya aliiweka nyundo chini, akasema unaona, lakini Papa Mbusa alisema endelea, na yaya akaichukua tena. Majirani walitoka mmoja mmoja kuangalia sauti inatoka wapi. Waliona nyundo inapanda na kushuka, wakabaki wamesimama barabarani. Papa Mbusa alikaa juu ya rundo la mbao mpaka mwisho. Kila pigo alifumba macho, lakini hakuondoka.

Tulipomaliza, nikadhani ataubeba aende. Akaweka kidole kwenye ubao, pale macho yake yanapofika akisimama, akasema tutoboe tundu hapo.

Yaya alimwambia upepo utaingia.

"Uingie," akasema Papa Mbusa. "Kusikia nimeacha. Nataka kuona."

Nilitoboa kwa kekee, yaya akalinyoosha tundu kwa patasi huku mimi nimeushikilia mlango usicheze. Kisha tuliubeba sote watatu hadi kwake, tukaupachika. Papa Mbusa aliingia, akaufunga. Tulisimama nje, mimi na yaya, tukamsubiri. Jicho lake lilitokea kwenye lile tundu. Alituangalia muda mrefu, Baba, akamwangalia yaya hasa, kisha akafungua.

Lori lilipokuja, yaya hakupanda. Tangu hapo watu wa mtaa wetu wanaleta milango yao, mingine mizima kabisa, wanataka tundu lileile. Si kazi ya kumtajirisha mtu. Asubuhi hatuzungumzi sana. Yeye anazipanga mbao, anainua nyundo, ananiambia "shika", nami nashika. Usiku anaota, nitakudanganya nikisema haoti, na kwaya bado hajarudi. Ila nyundo anaichukua mwenyewe, bila kuombwa.

Kwa hiyo usimtume mtu kumchukua. Akifika hapo dukani leo, akaketi nyuma ya makopo ya rangi, nafikiri hatainuka tena.

Kuhusu bega lako, ukitaka mashine chukua ya upepo kwa sababu nilizokueleza, na uangalie kwanza kama misumari yake inapatikana Butembo siku zote. Kwa vitu vyembamba ipo ndogo inayopumua tu bila kulia, lakini haitashika kitanda. Usichague ndani ya duka. Mwambie muuzaji aitoe nje, aipige kwenye mti mgumu, nawe usimame barabarani umempa mgongo. Ukishtuka, au ukimwona mama mmoja anageuza kichwa kutafuta mtoto wake, iache, hata kama ni nzuri kwa mengine yote. Mpe kijana wa hapo kazini nyundo, wewe umshikie msumari. Inawezekana. Ya kwetu bado imo guniani na siwezi kukutumia, kwa sababu yaya hajasema ifanywe nini, na mimi simuulizi.

Nisalimie Mama, na umsomee sehemu zile utakazoona anaweza kuzibeba. Umwambie Mama Katungu amefariki, asije akasikia kwa wengine, na amwekee nia kwenye misa. Nisalimie dada Masika na mume wake mwalimu, shangazi Kyakimwa anayeuza vitenge sokoni, na mjomba Paluku wa Kalunguta mkimwona ameleta maharagwe. Wajukuu wako wapige magoti kidogo kwa ajili ya Papa Mbusa, ambaye hawamjui.

Yaya amesoma barua hii kabla sijaikunja. Hakubadilisha neno. Ameniambia tu niongeze kwamba anakuomba patasi yako nyembamba, ile ya mpini mweusi, kwa sababu yetu ni pana mno kwa kazi ya matundu.

Mwanao anayekuheshimu,

Kasereka