Nilivyoiondoa Sauti Yako Kirando

Oresta, rafiki yangu,

Nimeiondoa sauti yako kwenye ule mfumo wako wa simu wa kuwaonya watu mvua. Usisikie kwa mwingine. Ni mimi, Felista, kwa mikono yangu hii.

Bodaboda yako ilipoteleza kwenye mteremko wa kwenda Kirando, sisi wenzako wa uzamivu tulikuwa chuoni tunakusubiri uje utueleze akina mama wanaoanika dagaa ufukweni wameupokeaje mfumo wako. Tukakuzika kwenu Katandala, mvua inanyesha. Baba yako akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu alikuwa anasomea nini hasa?" Nikamwambia: alikuwa anatengeneza kitu, anawapelekea watu, wakishindwa kukitumia anakitengeneza upya, na kila mara anaandika alichojifunza. Akaitikia kwa kichwa. "Basi hicho ndicho kilichomuua."

Unakumbuka yule profesa kwenye jopo letu la kwanza? "Hii si tasnifu, hii ni kazi ya fundi simu." Ulilia chooni, mimi nimekushikia mkoba. Halafu ikaja ile semina ya mbinu za utafiti. Mwalimu akaeleza kwamba kubuni kitu na kukipima mikononi mwa watu nako ni kutafuta elimu. Ukanifinya paja chini ya meza. "Feli, kumbe ninachofanya kina jina!" Sijawahi kukuona na furaha ile.

Mwanzoni ulituma ujumbe wa maandishi. Akina mama hawakuusoma, mikono imejaa dagaa. Hukuwalaumu. Ukarekodi sauti yako kwa Kifipa: mvua inakuja, anueni. Vijana wa mitumbwi wakiona wingu wanabonyeza namba, simu za ufukweni zinalia zote, anayepokea anakusikia wewe. Ilifanya kazi vizuri.

Mpaka ulipokufa.

Msimamizi wetu alinituma Kirando nikaangalie mfumo unaendeleaje. Nilidhani wanafurahi kukusikia. Mama Kizito, yule kiongozi wa kikundi chao, akanivuta pembeni. "Mwanangu, ikilia hatupokei. Anayepokea anakaa chini analia. Mvua inatukuta hapohapo." Akanionyesha dagaa walivyooza, rundo jeusi lina funza. "Tulimpenda. Lakini mtu tuliyemzika asitupigie simu."

Nikapanda Sumbawanga kumwomba mama yako ruhusa. Alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo, nikaeleza. Hakunitazama. "Mnataka kumuua tena." Nikakaa chini, nikapukuchua naye. Ndipo akasema, "Wale nao wana watoto wa kulisha. Iondoe." Nikataka nimwekee sauti yako kwenye simu yake. Akakataa. "Nikiwa nayo sitafanya kazi nyingine."

Kwa hiyo nimerekodi yangu. Kifipa changu unakijua, cha mjini, ulikuwa unanicheka. Nilikusikiliza mara ya mwisho, nikabonyeza kufuta.

Mvua iliyofuata, wamepokea. Dagaa wameanuliwa wote. Mama Kizito alinipigia, nyuma yake nasikia watu wanacheka. Nilifurahi kwa ajili yao, Oresta, halafu nikakuchukia kidogo kwa kuwa hupo. Nisamehe. Sijui kuomboleza vizuri.

Chuo kimesema tasnifu ya aliyefariki haitetewi, niichukue kazi hii niimalizie kwenye yangu. Nimekubali, maana nikikataa watauzima mfumo, na kule ufukweni akina mama watabaki wanatazama mawingu wenyewe.

Kwaheri, mwenzangu. Nakuahidi hili: siku ya utetezi, kabla sijasema langu, nitataja jina lako kuwa ndiye mbunifu. Na wakiniuliza kwa nini toleo la mwisho lina sauti ya mtu mwingine, nitawaambia mwenye sauti amekufa akiwa njiani kwenda kuwauliza watu kama kitu chake kinawafaa. Nitasimama hapo hapo mpaka waliandike jina lako.

Felista