Alama Nane za Mzee Faki

Jumamosi, 7 Juni
Mchezo wetu wa dadu, mimi nikisimulia na wenzangu wakicheza mashujaa, umeharibika tena. Bawabu wa lango niliyemtunga alikuwa na nguvu kumi na nane, akawatandika mashujaa wote wawili kabla hawajaingia mjini. Nesi Stella akanuna. Hamza, dereva wa boti la hifadhi ya bahari, akauliza mtu mwenye nguvu hizo analinda lango kwa nini, si awe sultani? Nimekasirika. Lakini ana haki.

Wahusika wadogo ndio wanaonishinda. Ukiwapa uwezo mkubwa, wanawafunika wachezaji. Ukiwapa mdogo, dadu ikirushwa mara moja wamekufa. Kuanzia leo sheria ni hii: kila mmoja sifa sita, jumla sitini, basi. Ukiongeza huku, punguza kule. Na situngi tena watu wa hewani. Nitachukua majirani zangu hapa Kirongwe, maana nawajua walivyo.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada nimeandika kadi kumi na mbili za manila. Majina kwa wino, namba kwa penseli. Mwenye nyumba wangu, Mzee Faki, fundi wa mashua, nimemfanya fundi wa milango ya sultani. Nguvu 12, wepesi 6, akili 13, busara 14, mvuto 10, afya 5. Sitini kamili. Afya tano kwa sababu ana kisukari, na kile kidonda cha mguuni alichojikata kwa tezo ya kuchongea mbao hakifungi. Mimi pia nimo, karani wa ushuru, afya 12. Nikazianika barazani wino ukauke, nikaenda kulala. Bwege mimi.

Jumatatu, 9 Juni
Bi Zuhura, mke wa Mzee Faki, amezisoma zote. Kanisubiri mpaka nimerudi shule. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Marehemu baba yake alikuwa mtu wa falaki. Jina la mgonjwa na la mama yake aliyageuza hesabu, akasema ugonjwa umetoka wapi na unakwenda wapi. Kumbe kwake kadi zangu ni kazi ile ile. Kashika ya mumewe kwa vidole viwili.

"Tano, Mwalimu? Ndiyo maana mguu haufungi. Muongezee."

Nikamweleza ni mchezo tu, tunacheza Jumamosi na akina Hamza. Hakusikia. Alikuwa analia, jamani, mtu mzima vile. Nikachukua kifutio, nikaandika 13. Akauliza hizo nane nimezitoa wapi. Ningenyamaza. Lakini mimi na jumla zangu! Nikasema nimezitoa kwangu, nikafuta 12 yangu mbele ya macho yake, nikaweka 4. Akanishika mikono yote miwili.

Jumanne, 10 Juni
Homa. Imenikuta mchana nikiwa ubaoni. Stella kapima: malaria. Nimeanza dawa.

Bi Zuhura kaleta uji, kasimama mlangoni ananitazama na huruma ambayo siipendi. Watoto wa jirani wamekatazwa kupiga kelele karibu na dirisha langu. Habari imeshafika dukani. Na Mzee Faki leo ameketi kitako, amekula samaki mzima. Yeye anapanda, mimi nashuka, kijiji kizima kinahesabu. Naogopa. Sijui naogopa nini hasa.

Jumatano, 11 Juni
Stella amefungua bandeji ya mguu wa Mzee. Vidole viwili vyeusi. Anataka Mzee apelekwe hospitali Kilindoni leo hii. Huenda mguu ukakatwa, lakini wakichelewa sumu itaingia kwenye damu na ndiyo basi tena. Bi Zuhura kamjibu kwa upole kwamba mgonjwa ameshapata afya, hana haja ya kukatwa. Mzee mwenyewe kafurahi kusikia haendi. Fundi wa mguu mmoja atasimamaje kwenye mashua?

Stella kaja kwangu anatetemeka kwa hasira.

Nikajikokota mpaka chumbani kwa Mzee. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nikasema wazi: karatasi ni karatasi, sijatoa kitu, nendeni hospitali. Bi Zuhura akamgeukia mumewe.

"Msikie. Hataki hata kushukuriwa."

Nikataka kuichana ile kadi. Akapiga ukelele: nikiichana, si ndiyo nimemuua? Nikaiweka chini.

Alhamisi, 12 Juni
Hamza ana wazo. Nimwambie Bi Zuhura kwamba zile nane nimeziandika, lakini zinapokewa Kilindoni, mikononi mwa daktari. Atakwenda leo leo. Nimekataa. Mimi mwalimu wa hesabu, sitapiga ramli hata kwa dakika moja. Hamza kaniambia ramli nilishaipiga Jumatatu. Nikamfukuza.

Mzee hakula leo. Anaweweseka, anamwita mtu ampe msumari.

Ijumaa, 13 Juni
Harufu imefika uani. Nimeuchukua uongo wa Hamza, nikausema kama alivyoniambia. Bi Zuhura akasimama pale pale, akaanza kukunja kanga. "Sasa si ungesema tangu juzi, Mwalimu?"

Hamza kaleta gari la hifadhi. Tumemlaza Mzee nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe. Njiani akaacha kutujibu. Amefariki hospitali saa tisa alasiri, daktari bado anamtafuta mshipa. Daktari kasema siku mbili nyuma angemuokoa. Mguu angeukosa, roho angebaki nayo. Kaniambia mimi peke yangu, kwenye korido. Nami sikumwambia mtu.

Jumamosi, 14 Juni
Tumezika asubuhi. Nilisimama nyuma kabisa. Dua ilipokwisha, kaka wa marehemu akauliza kama ilivyo ada: mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, au amsamehe. Kisha akaniita kwa jina, mbele.

Akasema mjane kamtuma. Kwamba marehemu ameondoka na afya ya Mwalimu, alama nane, naye haridhiki mume wake alale na haki ya mtu kaburini. "Mwalimu, unamsamehe?"

Watu wote wakageuka. Nilikuwa na maneno yote tayari, tangu Kilindoni nilikuwa nayo. Kwamba ni mimi wa kusamehewa. Kwamba nimewapotezea siku mbili, moja kwa penseli na moja kwa kiburi. Nikamtazama kaka yake, mzee wa watu, ana udongo mpaka kwenye viwiko, anangoja.

Nikasema nimemsamehe.

Wakaitikia wote, Mungu akulipe. Mmoja akanifuta machozi kwa kanzu yake.

Jumapili, 15 Juni
Homa imekwisha. Sikwenda kanisani. Bi Zuhura yumo edani, hatoki. Kamtuma binti yake aulize nimeamkaje. Nimejibu nimeamka vizuri, nguvu zimerudi. Binti akaingia ndani, nikamsikia mama yake akisema alhamdulillahi.