Gari la Umeme na Soketi ya Hamisi

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili, tumetoka kanisani

Dada yangu Eunice,

Shikamoo. Naomba kabla hujaendelea uketi kwanza, maana nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa kondakta wa basi ilifika, au nayo ilishukia Dodoma? Na shemeji, kikohozi chake cha vumbi la kupura mtama kimemwachia? Sisi huku hatuumwi, Mungu anatusaidia. Wifi yako Neema anakusalimia sana. Watoto wanakua, viatu vinawabana kila muhula. Joto ndilo linalotumaliza, nguo unavaa kavu unafika stendi umelowa.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Dada, wewe simu yangu ukipokea unaweka laudi spika, halafu unaita majirani waje wamsikie Yona wa Dar. Mara ya mwisho nilikuwa nakueleza habari za tumbo langu la kuendesha nikasikia mtu anacheka nyuma yako, kumbe ni katekista. Haya ya leo siwezi kuyasema mbele ya watu. Yasome peke yako, na ile kalamu yako nyekundu iweke kando, umeshastaafu.

Habari yenyewe ni ya gari la kurudi nalo nyumbani Kintinku. Mmeniuliza mara tatu na mara tatu nimewazungusha.

Unajua kwamba namwendesha Bwana Kirit, yule mzee mwenye duka la vitambaa. Nilishakuambia kwamba amezaliwa Singida mjini, baba yake alikuwa na duka kule, na mpaka leo foleni ikimchosha anasonya kwa Kinyaturu. Hili gari la umeme alilinunua yeye kwa kushawishiwa na wanawe, likiwa limeshatumika Japani. Sasa wanawe wanataka jipya, kubwa zaidi. Akaniita dukani akaniambia, "Yona, wewe ndiye unalijua. Lichukue, tutaelewana polepole. Lakini nipe jibu mwezi huu usiishe, kuna mtu mwingine analitaka." Basi ndiyo hivyo, wiki moja imebaki na sijamjibu.

Mwanzoni nililichukia. Siku ya kwanza niliwasha nikangoja lingurume. Kimya. Nikawasha tena, kumbe nalizima. Niliwasha na kuzima mara nne huku mzee wa watu ameketi nyuma na mkoba wake. Sasa nimelizoea mpaka nikipanda gari la mafuta naona kelele tu. Halina kumwaga oili, halina plagi za kuchafuka, halina mkanda wa kukatikia porini. Kwenye kioo cha mbele ya usukani kuna namba kubwa inayokuonyesha chaji iliyobaki, hata mtoto wa darasa la kwanza anaisoma akiwa nje dirishani.

Lakini Dada, si jambo la kukurupukia. Kwanza kutoka huku mpaka Kintinku halifiki kwa chaji moja, itabidi lipakiwe kwenye lori. Neema alicheka mpaka akakaa chini. "Gari gani hilo linapanda gari?" Pili, fundi. Kintinku hayupo, na wale wa stendi ya Manyoni wakifungua boneti wakakuta hamna injini wanayoijua watafunga na kukuomba hela ya chai. Tatu, betri yenyewe haiwi mpya kila mwaka, inapungua nguvu kama mimi. Mlima wa Saranda ndio niliouogopa kuliko yote, kwa sababu mgonjwa wa kwetu lazima apandishwe mlima ule ndipo aone daktari. Hapo nimepata nafuu kidogo. Gari hili likipanda linakula chaji, likiteremka linairudisha yenyewe. Sikuamini mpaka siku tulipotoka shambani kwa mzee kule Kisarawe, tunateremka, namba ikawa inapanda mbele ya macho yangu. Kwa hiyo mlima lingeumudu.

Lililobaki likawa ni pa kuchajia. Soketi ya nyumbani kwetu ni ile moja ya kuchajia simu, waya wake mwembamba, ungeyeyuka. Nikajiambia basi, Mungu ameshanijibu, gari la umeme haliwezekani, nimwambie Bwana Kirit asante.

Ndipo ukapiga simu ile ya wiki mbili zilizopita, umefurahi, sauti juu. Ukaniambia Hamisi amefunga mashine ya kusaga ya umeme, amevutiwa laini kubwa, na kwamba aliposikia Yona anafikiria gari la umeme amesema atanifungia soketi nje ya mashine, chini ya paa, gari lilale pale liamke limejaa, na shilingi yangu hataki. Nikamsikia yeye mwenyewe pembeni yako anasema, "Mwambie alilete tu, tupate pa kukimbilia." Watu wakapiga makofi. Nikasema mtandao unakatika, nikakata simu. Mtandao haukuwa unakatika, Dada.

Sasa nakuomba unisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza nikiwa mdogo, yaani bila kunikatiza.

Unakumbuka siku Mwajuma wa Hamisi alivyopoteza mtoto. Kila mtu Kintinku anakumbuka kwamba pikapu yangu haikuwa na mafuta. Hata wewe uliniambia, "Usijilaumu, ungefanyaje?" Nilikuacha useme.

Siku ile pikapu ilikuwa mbele ya nyumba, imepakiwa magunia ya ufuta mpaka juu, kamba nimekaza mwenyewe. Ilikuwa mchana, saa nane hivi. Mnunuzi alikuwa ananingoja Manyoni na alisema akifunga siku hiyo harudi tena mpaka wiki ijayo. Juzi yake nilikuwa nimebeba maiti ya mzee mmoja kutoka mjini, na kabla ya hapo mama mwingine wa uchungu, na kabla yake mtu aliyeng'atwa na nyoka. Nilikuwa nimechoka kuwa gari la kijiji. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu ukiwa na gari kwetu hakuna kusema umechoka. Ukilinunua umeshakubali.

Hamisi akaja mbio. Hata salamu ya mbukwa hakutoa. Akasema, "Yona, washa gari. Mwajuma kashikwa, na mkunga anasema mtoto kakaa vibaya."

Nikatazama magunia. Kuyashusha yote, kutandika godoro, kupanda mlima, kurudi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mafuta hamna, Hamisi. Nimekauka kabisa, tangu jana."

Hakuuliza gari lisilo na mafuta limepakiwa la nini. Wala hakuchungulia. Alisema, "Haya, haina neno ndugu yangu, ngoja nimuwahi wa pikipiki," akageuka. Tangi lilikuwa limejaa, Dada. Nilikuwa nimelijaza asubuhi ile kwa ajili ya safari ya Manyoni.

Nilidhani pikipiki ingetosha. Nakuapia nilidhani hivyo. Lakini walimweka Mwajuma katikati ya dereva na mkunga, na njia unaijua. Mtoto alizaliwa chini ya mlima, kabla hata hawajaanza kupanda. Hakulia. Wakarudi naye amefungwa kwenye khanga.

Kuzika nilienda. Nilishika jembe, nikachimba mpaka wazee wakaniambia niwaachie na wengine. Ufuta haukwenda Manyoni siku ile wala kesho yake, maana ningewasha gari wangejua.

Siku ya tatu Hamisi akaja tena nyumbani. Nikasema moyoni ameshajua. Alikuwa amebeba dumu la petroli, la lita tano, amelinunua barabarani kwa hela yake ya msiba. Akaniambia, "Weka hii akiba, Yona. Asije mtu mwingine akakukuta huna." Akataka kunisaidia kumimina. Nikamwambia aache, nitamimina mwenyewe. Nililipeleka nyuma ya nyumba nikaliweka, nikaketi karibu nalo, nikalia.

Baada ya hapo mliona wenyewe. Ikawa desturi, nyumba hii inatoa kidogo, nyumba ile kidogo, dumu linajaa, linawekwa kwangu. Nilibeba kila aliyekuja, hata wa kuumwa jino. Mkasema Yona ana moyo. Kila mliposema hivyo nilitamani ardhi ipasuke. Mwaka haukuisha nikauza pikapu, nikasema nafuata maisha Dar. Dada, sikufuata maisha. Nilikuwa nalikimbia dumu lile.

Sasa nikueleze kitu ambacho ndicho kimenifanya nishike kalamu, na hiki ni kibaya kuliko cha kwanza. Bwana Kirit aliponipa wazo hili la gari nilifurahi, nikajiuliza furaha hii inatoka wapi. Nilikuwa barabarani, namsubiri atoke benki, ikanijia wazi kabisa. Gari la umeme, mtu akija mbio, naweza kumwambia chaji hamna, umeme ulikatika. Naye ataamini, kwa sababu hata kwake umekatika. Sitakuwa nimedanganya, wala sitakuwa nimekataa. Nilikuwa natafuta gari ambalo litanikatalia watu kwa niaba yangu. Niliogopa, Dada. Mtoto wa watu yuko ardhini na mimi bado natafuta pa kujificha.

Nikadhani siri hii ni yangu peke yangu. Jumapili iliyopita Neema alikuwa anachambua mchele, mimi namweleza habari za soketi ya Hamisi, jinsi alivyo mwema, jinsi itakavyorahisisha mambo. Akaendelea kuchambua. Halafu akasema bila kuinua uso, "Mimi siku ile nilikuwa jikoni, Yona. Nilikusikia."

Miaka yote hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa nangoja useme wewe. Kuhama nimehama, Dar nimekaa. Lakini gari letu likachajiwe kwa Hamisi hivi hivi? Hapana. Nenda na gari lako, mimi sitapanda."

Ndiyo hali niliyonayo. Usingizi sina, kazini jana nusura nimgonge muuza maji. Bwana Kirit amenitazama kwenye kioo akaniuliza kama naumwa.

Gari nalitaka. Nalitaka kwa ajili yenu kweli, sasa, si kwa ajili ya kujificha. Ulivyoniambia yule binti wa shule ya msingi alivyopelekwa kwa pikipiki masika haya huku amezirai, sikumaliza chakula. Gari hili linaufaa mlima wetu, na hakuna mahali pengine Kintinku pa kulichajia isipokuwa kwa Hamisi. Lakini siwezi kuchomeka waya kwenye ukuta wa yule mtu kila jioni, nikamwambia asante, nikaenda kulala. Wala siwezi kununua la mafuta nikampita kila siku mlangoni kwake nikijua alitaka kunifungia soketi.

Kwa hiyo nimeandika barua nyingine. Imo humu humu ndani ya bahasha, sijaibandika. Ni ya Hamisi. Mara ya kwanza nilijaza kurasa tatu, nikaweka ufuta, mnunuzi, maiti ya juzi yake, uchovu. Nilipoisoma nikaona namwomba anionee huruma. Nikaichana. Hiyo iliyobaki ina mistari minne tu. Nimemwambia mafuta yalikuwepo. Nimemwambia nilijua ni Mwajuma na nilijua ni hatari. Nimemwambia soketi asifunge mpaka aamue upya akiwa anajua, na akitaka kuwaambia watu, awaambie.

Mpelekee mwenyewe, mkononi. Usimpe kijana wala usimwachie kwenye mashine. Nenda saa ambayo watu hawasagi, na ukimpa usiondoke. Mwajuma naye awepo, kwa maana mtoto alikuwa wake kabla hajawa wa mtu mwingine. Nakutwika mzigo mzito, goti lenyewe bovu, nisamehe. Ningekuja mwenyewe, na nitakuja, Bwana Kirit ameshanipa ruhusa ya siku nne. Lakini nikisimama mbele yake kwanza, Hamisi atanikaribisha, ataniwekea kiti, atamwambia mkewe apike, na mimi nitaketi nile. Najijua. Nataka nikifika nikute ameshajua, aamue mwenyewe kama kuna kiti.

Bwana Kirit nitamwambia asubiri. Akichoka kusubiri, gari aende nalo mwingine.

Wewe nawe, Dada, najua utakasirika. Ulinilea, ukanifundisha kuandika hizi herufi, na leo nazitumia kukuandikia hili. Nikasirikie. Ila usikae nalo kimya kama nilivyokaa mimi.

Nisalimie shemeji, umwambie mtama asipure kinyume na upepo. Nisalimie Mama Mkubwa Debora, umwambie miwani yake nimeipata na nitakuja nayo. Msalimie Baba Mdogo Lazaro na ng'ombe wake, najua ukiwasahau ng'ombe atanuna. Wasalimie mabinti zako wawili na wajukuu wote. Katekista naye msalimie, umwambie tumbo limepona.

Hamisi na Mwajuma usiwape salamu zangu. Wape barua yao kwanza.

Mdogo wako,
Yona